Jeshi Namba Nne

Hebu mwone kwanza anavyoingia. Ni saa saba na dakika tano mchana, jua limesimama wima juu ya mabati, na mlango wa duka la kutengenezea simu una pazia la shanga za plastiki zinazogongana kila apitapo mtu. Zinagongana. Anaingia mama wa miaka hamsini na saba, mfupi, mwenye mwendo wa mtu aliyezoea kusukuma toroli, amevaa koti la bluu la kazini lenye mifuko minne. Kwenye mfuko wa kifuani, pale wenzake wanapochomeka kalamu, yeye amechomeka spana. Shingoni, kwenye kamba ya kiatu, unaning'inia ufunguo mmoja mrefu. Kabla hajaketi anaupapasa. Anauachia, anapiga hatua tatu, anaupapasa tena. Ukimtazama kwa haraka utadhani ni mazoea tu. Mtazame vizuri. Yule mama anaogopa.

"Shikamoo, Mama Stoo," anasema fundi wa simu, mwanamke wa miaka thelathini na kitu, bila kuinua macho kwenye simu aliyoipasua tumbo mezani.

"Marahaba, mwanangu. Kompyuta ya katikati ina mtu?"

"Inakungoja wewe. Na adui yako naye yuko njiani, anammalizia mtu kidevu."

Adui ni kinyozi wa chumba cha jirani, bwana mnene mwenye sauti ya mnada, ambaye Fundi amempachika jina la Jenerali. Nyuma ya duka la Fundi kuna kompyuta tatu za zamani, na saa ya chakula cha mchana watu wa mtaa ule hupigana humo. Hawapigani ngumi. Wanacheza mchezo wa falme za kale: unapewa kijiji kimoja, wakulima sita na ghala tupu, ukijaliwa unajenga ufalme, ukizubaa unachomwa moto.

Lakini nianzie ng'ambo ya barabara, maana hofu ya mama huyu haikuanzia kwenye mchezo.

Ng'ambo kuna hospitali. Ina madaktari wengi na wauguzi wengi zaidi, ila mtunza mitungi ya oksijeni ni mmoja. Miaka ishirini na sita sasa. Chumba chake ni kirefu, sakafu ya saruji, dirisha moja la nondo, na mitungi imesimama kwa safu huku imefungwa minyororo kama ng'ombe wa mtu mwenye wasiwasi. Sasa sikia tatizo la kazi ile. Mtungi uliojaa na mtungi mtupu ni mapacha. Rangi moja, kimo kimoja, na ukiusukuma mkono wako hautakwambia lolote. Kinachotofautisha ni kibati. Mama Stoo ametundika ukutani ubao wenye misumari ya safu tatu. Safu ya juu ameandika UMEJAA, ya kati UNATUMIKA, ya chini MTUPU, na kila mtungi una kibati chake chenye namba. Mtungi ukitoka, kibati kinashuka. Mtungi ukirudi, kibati kinashuka tena. Lori likileta iliyojazwa, vibati vinapanda juu. Daktari akipiga simu, mama anatazama ubao, si mitungi.

Ana jambo moja zaidi, ambalo hakufundishwa na mtu. Kabla mtungi haujavuka mlango anatoa spana, analegeza koki kidogo sana, kiasi cha kope kupepesa. *Fss.* Halafu anaikaza.

"Uliojaa husema," huwaambia wauguzi wapya. "Usioniambia kitu, siutoi."

Wiki tano kabla ya mchana huu tunaouzungumzia, alilegeza koki ya mtungi namba kumi na tisa, na mtungi haukusema.

Alilegeza tena. Kimya. Akaweka sikio. Akatazama ubao: kibati namba kumi na tisa kilikuwa safu ya juu, UMEJAA, kimenyooka vizuri kwenye msumari kama anavyokinyoosha yeye. Ufunguo wa chumba kile uko mmoja tu, na huwa shingoni mwake. Ni yeye aliyekipandisha. Lini? Alitafuta kichwani na hakukuta kitu, hata kivuli cha kitu. Na toroli lilikuwa tayari mlangoni, linaelekea wodi ya watoto.

Alibadilisha mtungi. Alikishusha kibati. Hakumwambia mtu.

Mwingine angesema, ah, nimechoka, yamekwisha. Lakini Mama Stoo anaishi na dada yake mkubwa. Dada huyo alikuwa karani wa posta aliyejua namba ya sanduku la kila mteja bila kufungua daftari. Ikaanza kwa barua moja kuingia sanduku silo. Ndugu wakakaa kikao, kwa upendo kabisa, wakamwambia apumzike. Wakachukua funguo za posta. Baadaye wakachukua za nyumba, baadaye wakamwondoa jikoni. Mama Stoo mwenyewe ndiye aliyempokonya kiberiti mkononi. Mwaka haukuisha, dada akawa wa kukaa dirishani na kuuliza, kwa adabu nzuri, huyu mama anayeniletea chai ni nani na nimlipe nini.

Kwa hiyo pima mwenyewe. Akibaki na ufunguo, huenda siku moja mtoto akavishwa barakoa ya oksijeni inayotoka kwenye mtungi usio na kitu. Akiurudisha, atakuwa ameanza kuelekea dirishani. Na wa kumrithi alikwisha kumjua: bwana wa stoo ya mashuka, mtu mwema, mwepesi, anayeamini vibati. Alimshikia kazi siku mbili mwaka jana. Alipomuuliza kama alisikiliza koki, bwana yule alicheka. "Mama, kibati si kimeandikwa umejaa? Sasa nisikilize nini, taarifa ya habari?"

Kwenda kupimwa? Madaktari wote anaowajua wako hospitali ile ile. Angeingia chumba cha daktari saa nne, na saa sita wapishi wangekuwa wanamwonea huruma.

Basi siku nne baada ya ule mtungi akavuka barabara na simu yake yenye kioo kilichopasuka. Akiwa amesimama anangoja, macho yakaangukia kompyuta ya Kinyozi.

"Wale wawili kando ya kisima mbona wamesimama tu?"

Kinyozi hakugeuka. "Wapi?"

"Hapo kushoto. Mwenye kapu na mwenye shoka. Tangu nimeingia hawajagusa kazi."

Fundi alicheka hadi bisibisi ikamponyoka. "Jenerali, umesikia? Miezi minne nakuimbia wimbo huo. Mama ameona kwa dakika mbili!"

"Hao ni walinzi," alisema Kinyozi.

"Walinzi na kapu?" aliuliza Mama Stoo.

Fundi akamvutia kiti. "Kaa, mama. Kina mguu mmoja mgonjwa, lakini hakijamwangusha mtu."

Alikaa kwa ajili ya wazo moja lililomjia akiwa amesimama pale. Mchezo huu ni kama kichwa kitupu, alijiambia, cha kujaza na kukumbuka. Nani yuko wapi, kimebaki nini, kipi kinakuja. Hapa naweza kujipima, na hakuna atakayeandika kwenye faili.

Fundi alimfundisha kama anavyotengeneza simu, kitu kimoja kimoja, bila papara.

"Anza na tumbo, mama. Wote sita wapeleke kwenye chakula. Wakila, unazaa wengine. Usikimbilie askari, askari anakula na halimi. Ukifika wakulima kumi, ndiyo wanne waende kwenye mbao. Mawe baadaye. Dhahabu baadaye zaidi."

"Na ghala nalijenga wapi?"

"Wewe ungelijenga wapi?"

"Karibu na kazi. Mtu akitembea na mzigo mwendo mrefu, nusu ya siku imekwenda na miguu."

Fundi alimtazama kidogo. "Mama, una uhakika hujawahi kucheza?"

Upande wa uchumi, kwa kweli, mama alikuwa hatari. Baada ya wiki moja mashamba yake yalikuwa yamepangwa kama shuka la hospitali. Hakuna mkulima aliyesimama. Ngano elfu tatu ghalani, mbao elfu mbili. Na askari kumi na mmoja. Kinyozi alikuja na mikuki arobaini, akachoma kila kitu huku anapiga mluzi.

"Nilikuwa na ngano elfu tatu!" alisema Mama Stoo, amejishika kifua.

"Na mimi nakushukuru kwa kunitunzia," alisema Kinyozi.

"Ngano haipigani, mama," alisema Fundi. "Kwenye mchezo huu kilicholala ghalani ni kama hukukipata. Kikiingia kitoke. Kiwe mkulima, kiwe nyumba, kiwe mkuki."

"Stoo ikishuka chini ya nusu, mimi silali."

"Basi utalala umeungua."

Hilo lilimsumbua. Miaka ishirini na sita mwili wake umejifunza kwamba kilichojaa ni salama. Sasa anaambiwa amwage. Alimwaga huku jasho linamtoka. Alijifunza kwamba mikuki inakaa mbele kwa sababu farasi wanaiogopa, wapiga mishale nyuma ya mikuki, na wapanda farasi wasiingie katikati ya vurugu bali wazunguke pembeni, wakapige kilicho laini: mashamba, maghala, wachukuzi. Alijifunza kwamba kabla ya kupeleka jeshi unapeleka mtu mmoja akachungulie.

Kuchungulia ndiko kulikomtisha kuliko vyote. Katika mchezo ule, nchi ambayo hujaifikia imefunikwa giza. Kijiji chako kina mwanga, na kote kando ni kiza kitupu.

"Huko kuna nini?" aliuliza mara ya kwanza.

"Hakuna ajuaye mpaka upeleke mtu."

Alimpeleka mpanda farasi mmoja. Mwanga ukamfuata kama taa ya mkononi. Ukaonekana mto, ukaonekana msitu. Kisha, mama akaona, nyuma ya farasi giza likaanza kurudi.

"Mbona kunazimika? Si nimeshapaona?"

"Ukiondoka panazimika, mama. Milima na miti inabaki kwa kivuli, lakini nani anapita pale huoni tena. Inabidi uwe na mtu pale."

Mama Stoo aliupapasa ufunguo. Jioni ile, akimvisha dada yake sweta, alimtazama machoni muda mrefu kuliko kawaida. Dada akatabasamu kwa heshima, kama unavyomtabasamia mgeni aliyekosea nyumba.

Wiki ya pili likatokea jambo. Alikuwa amecheza vizuri, amepeleka wapiga mishale ishirini wakalinde daraja la kaskazini, kisha vita vikapamba moto kusini, akapigana, akashindwa kwa tofauti ndogo tu. Fundi akafungua ramani yote ili wajadili. Pale kaskazini, kwenye daraja, wapiga mishale ishirini walikuwa wamesimama, wazima, hawajatoa hata mshale.

"Hawa nani?" aliuliza Mama Stoo.

Kinyozi alicheka hadi akashika meza. "Hawa nani! Maskini, wamekufa njaa ya salamu!"

Wote walicheka, na yeye alicheka. Kisha alisema anakwenda kunawa, akaenda nyuma ya duka kwenye beseni, akafungua bomba, akashika ukingo kwa mikono miwili. Hakukumbuka kuwatuma. Alijaribu kama alivyojaribu kwa mtungi namba kumi na tisa, akanyoosha mkono gizani, hakugusa kitu. Maji yalikuwa yanapita tu.

Fundi alimfuata na taulo. "Mama, Jenerali mdomo wake hauna breki. Usimjali."

"Na wewe husahau?"

"Jeshi? Kila siku! Mgeni yeyote husahau jeshi. Hilo ndilo kosa la kwanza la wageni wote, hata mimi nilipoteza meli sita, nikazikumbuka nikiwa naoga. Ndiyo maana kuna namba. Ukishawapanga, wape namba: hili jeshi ni moja, hili ni mbili. Ukibonyeza namba, kioo kinakupeleka walipo. Na kila ukihesabu kumi, rudi nyumbani ukaangalie wakulima, kisha zunguka namba zako zote. Usikae unakodolea vita kama sinema."

Unaona alivyokwama? Ule ulikuwa ugonjwa, au ulikuwa ugeni? Kila mgeni husahau jeshi. Lakini si kila mgeni alikwisha kusahau mtungi.

Kesho yake alikuja na mfuko wa vifuniko vya chupa za soda na karatasi kubwa ya kufungia vifaa vya hospitali. Alichora ramani kwa penseli: mto, msitu, daraja, kilima. Kila kifuniko alikiandika namba kwa wino mzito. Jeshi likisogea kwenye kioo, mkono wa kushoto unasogeza kifuniko kwenye karatasi. Ulikuwa ule ule ubao wa misumari, umelala mezani.

"Hii ni halali?" Kinyozi alilalamika. "Mama analeta vyombo vya jikoni vitani!"

"Nyamaza wewe, ulete na vya kwako," alisema Fundi.

Akaanza kushinda. Alimshinda dereva wa teksi, akamshinda mwalimu wa masomo ya jioni, akamshinda Fundi mara mbili. Hakupoteza jeshi tena. Kwa siku nane alilala vizuri. Siku ya tisa akagundua kwamba anavihesabu vibati vya ukutani mara tatu kabla ya kufunga mlango, na bado anarudi kutoka kona ya barabara kuja kuvihesabu mara ya nne.

Hapo ndipo alipoweka nadhiri. Hakumwambia mtu, mimi nakwambia kwa kuwa ndiyo roho ya habari hii. Alijiambia: nitapigana na Kinyozi mchezo mmoja, mzima, hadi mwisho. Nikimshinda bila kulisahau jeshi hata moja, ufunguo unabaki shingoni mwangu na jambo hili nalizika. Nikilisahau hata moja, saa nane kamili nitabisha kwa Muuguzi Mkuu, nitamwekea ufunguo mezani, na nitamwambia habari ya namba kumi na tisa.

Hiyo ndiyo nadhiri aliyokuja nayo mchana ule pale mlangoni, pazia linagongana nyuma yake.

Kinyozi aliingia na nywele za watu kwenye mabega. "Mama Stoo! Leo nakunyoa bila sabuni."

"Njoo unyoe, baba. Kichwa changu kigumu."

Walikaa mgongo kwa mgongo, kila mtu na kompyuta yake. Fundi akahamisha kiti akakaa kati yao, simu ya mteja mkononi, jicho moja kwenye vita.

Mama alianza na tumbo. Sita kwenye chakula, kumi, kumi na wanne. Mbao. Ghala kando ya msitu. Hakulimbikiza, kila ngano iliyoingia ilitoka ikiwa mtu. Mpelelezi wake alizunguka giza akarudi na habari: Kinyozi amejenga nyuma ya kilima, maghala yake yote yako upande wa mashariki, karibu na msitu, hayana ukuta. Jeshi namba moja, mikuki, darajani. Kifuniko kikakaa. Namba mbili, wapiga mishale, nyuma ya daraja. Kifuniko. Namba tatu, mikuki ya akiba, nyumbani. Kifuniko. Mkono wake wa kulia ulikuwa unahangaika na kipanya, lakini wa kushoto ulikuwa mtulivu, kama mkono wa mtu mwingine.

"Nakuja, mama! Funga mlango!" Kinyozi alipiga kelele.

"Umefunga duka lako? Kuna mtu ameachwa na povu huko!"

Alimjibu huku anacheka, na dakika ile ile mikuki themanini ya Kinyozi ikavamia daraja. Ilikuwa balaa. Namba moja ikasagika. Akasogeza namba mbili, akarudi nyumbani akahesabu wakulima, akazunguka namba zake. Moja, karibu imekwisha. Mbili, inarudi nyuma. Tatu, nyumbani. Akaita tatu. Haikutosha. Askari wa Kinyozi walikuwa wanavuka mto, mwenge mkononi.

"Basi, mama," Kinyozi aliimba. "Basi, basi. Kapumzike sasa."

*Kapumzike.* Ndilo neno ndugu walilomwambia dada. Mama Stoo alishusha macho kwenye karatasi ili atafute cha kuokoa, na hapo akakiona. Upande wa mashariki, ndani ya msitu wa penseli, nyuma ya maghala ya adui, kulikuwa na kifuniko cha nne.

Kilikuwa kimenyooka. Namba yake imeandikwa kwa mwandiko wake.

Hakuwa na jeshi la nne. Angeapa. Alinyoosha kidole, akabonyeza nne.

Kioo kikaruka. Msitu. Wapanda farasi sitini, wamejipanga safu tatu chini ya miti, vichwa vimeelekezwa kwenye maghala ya Kinyozi, wanangoja neno lake.

Alilitoa. Sitini wakatoka msituni, na hapakuwa na hata mkuki mmoja wa kuwazuia, kwa sababu mikuki yote ilikuwa darajani. Ghala la kwanza likawaka, la pili, la tatu. Wakulima wakakimbia. Jeshi la Kinyozi kule mtoni likakosa chakula, likaanza kupunguka lenyewe, mtu mmoja mmoja. Dakika sita baadaye tarumbeta ya mchezo ikalia.

"Aaah!" Kinyozi alisimama, kiti kikaanguka. "Sitini! Umewaficha sitini chini ya pua yangu, halafu unajifanya unalia darajani! Mama, wewe si mtu mzuri!" Akampa mkono, akautikisa kwa heshima ya kweli. "Mimi kuanzia leo niiteni Koplo."

Fundi alikuwa anapiga makofi. Kisha aliona uso wa mama, makofi yakapungua.

"Hao wa msituni," alisema Mama Stoo polepole. "Niliwatuma lini?"

"Hata robo saa haijafika. Nimekuona kwa macho yangu. Umewapanga, ukawapa namba, ukawaingiza msituni, ukaweka kifuniko. Hata nikajisemea, leo Jenerali amekwisha." Fundi alipunguza sauti. "Mama. Unanitania, sivyo?"

Pazia liligongana, Kinyozi alikuwa amekwenda kumwosha mteja wake povu.

"Nakutania, mwanangu," alisema Mama Stoo.

Alikunja karatasi mara nne. Vifuniko akavirudisha mfukoni kimoja kimoja, na cha nne akakishika mkononi akavuka nacho barabara.

Saa nane kasoro kumi simu ya stoo ililia. Wodi ya watoto. Mtungi mmoja, haraka. Alifungua mlango kwa ufunguo wake. Alitazama ubao, safu ya juu, akachagua namba saba. Alitoa spana. Kabla ya kulegeza koki alifumba macho, na kwa pumzi moja akawaona wote, dada dirishani, bwana wa mashuka akicheka, farasi sitini wakiwa kimya chini ya miti.

*Fss.*

Aliikaza koki, akashusha kibati, akasukuma toroli mwenyewe hadi wodini. Akasimama pale mpaka kifua kidogo kilipoanza kupanda na kushuka bila kuhangaika. Mama wa mtoto alimwambia asante. Akajibu, "Haya."

Sasa ni saa nane kamili, na amesimama kwenye korido ndefu iliyopigwa deki, mbele ya mlango wa Muuguzi Mkuu. Ndani inasikika kalamu inaandika. Ameuvua ufunguo shingoni. Kamba ya kiatu imeacha mstari mwembamba kwenye ngozi. Mkono wa kulia una ufunguo, wa kushoto una kifuniko. Aliweka nadhiri, na nadhiri imempa majibu mawili kwa wakati mmoja. Jeshi alilisahau, hilo halina ubishi. Na jeshi lilikuwa mahali pake hasa, likiwa na namba yake, kwa sababu mkono wake ulifanya kazi wakati kichwa hakipo. Mkono huo huo ndio uliokitundika kibati namba kumi na tisa safu siyo. Na mkono huo huo ndio uliolegeza koki ukasikiliza.

Ameinua ngumi kubisha. Haijafika mlangoni.

Kama mtoto aliyelala kule wodini angekuwa wako, ungetaka ule mkono ubishe, au urudi stoo na spana yake?